Mama Mounira, Adapta na Sauti ya Pangi

Mama Mounira Soudi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia bohari yetu ya dawa hapa Kindu kwa miaka ishirini na minane. Wengi wetu tulimkuta kwenye foni, ile redio ya kuongelea na vituo vya afya vya mbali, na hatukuwahi kufikiria kwamba kiti kile kingekaliwa na mtu mwingine.

Alianza kazi mwaka 1997. Vita vilipofika mwaka uliofuata, barabara ilifungwa na mumewe Abedi, dereva wetu, akakwama Pangi. Kituo cha huko kikanyamaza. Mama Mounira hakulia mbele ya watu, ila kila asubuhi aliita Pangi kabla ya kituo kingine chochote, hata wakubwa walipomwambia anamaliza betri bure. Siku moja sauti ikatoka katikati ya mikwaruzo: "Niko, Mounira. Niko muzima." Aliipikia pilau bohari nzima. Tangu hapo Pangi huitwa kwanza.

Ndiyo maana mwaka jana, foni iliposumbua, hakuna aliyethubutu kumtania kwa wasiwasi wake. Siku hizi foni huunganishwa na kompyuta, ndiyo inayopokea maagizo ya dawa kutoka vituoni. Kompyuta mpya ya mezani ilikuja bila tundu la aina ya zamani la kuchomekea foni, ikabidi tununue adapta ya USB, kiunganishi kidogo, ili maagizo yaendelee kuingia. Ilifanya kazi vizuri, kisha asubuhi moja kompyuta ikagoma kuiona foni. Tulibadili waya, tukaweka programu upya. Henri, fundi wetu wa kompyuta, alilaumu adapta; mhasibu akamlaumu Henri. Mkurugenzi alitupa hadi Ijumaa, ikishindikana foni izimwe moja kwa moja. Kituo cha Pangi hakina mtandao wa simu. Wangeagizaje dawa?

Mama Mounira alituhoji mmoja mmoja, mpaka mlinzi: "Njo nani aligusa hapa?" Tulikuwa tunamkwepa kwenye korido. Alhamisi Henri akagundua kwamba adapta ilikuwa imehamishiwa tundu jingine la kompyuta. Kompyuta iliipa namba mpya, huku programu ikiendelea kuisubiri kwenye namba ya zamani. Na kwenye tundu lake la zamani kulikuwa na waya wa kuchajia simu, wenye shanga za kijani, ambao ofisi nzima inajua ni wa Mama Mounira.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akairudisha adapta mahali pake, akaita Pangi, Pangi ikajibu. Akalizungushia tundu lile rangi nyekundu ya kucha na kutangaza: "Mutu asiguse hapa, hata mimi!"

Sasa anahamia Pangi, ambako Abedi ameshaandaa shamba la mpunga. Asante, mama, kwa ukali wako, kwa pilau yako, na kwa kukataa kuchoka. Tunakuombea afya njema na mavuno mengi. Tundu jekundu hatuligusi. Kila asubuhi tutaita Pangi kwanza, kama ulivyotuzoesha. Ukipita karibu na kituo, ingia, utuambie tu kwa foni kwamba uko.