Ndugu Piusi Tluway na Wapishi wa Tumboni

Ndugu Piusi Tluway, Bwana Mifugo wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1987 baada ya kutumikia mazizi na majosho kwa miaka ishirini na minane. Siku hiyo atakabidhi baiskeli, sindano za chanjo na ufunguo wa stoo. Mdomo ataondoka nao, kwa kuwa haukuwahi kuandikwa kuwa mali ya serikali.

Alianza kazi mwaka 1959 akiwa mchanjaji, akizunguka Mbulu kwa miguu. Baadaye alipelekwa Ngorongoro kuchanja ng'ombe wa wafugaji dhidi ya sotoka. Huko alijifunza Kimaasai cha kusalimia, cha kuomba maziwa na cha kuomba radhi, hiki cha mwisho baada ya kumchanja fahali wa Mzee Lembris mara mbili kwa siku moja. Alipohamia Karatu alisimamia ujenzi wa josho la Kansay, ambalo mpaka leo halivuji. Yeye husema ni utaalamu wake. Fundi mwashi husema ni kwa sababu yeye alimkataza Piusi asiguse saruji.

Joshoni ndiko alikojipatia jina. Kila siku ya kuogesha alisimama ukutani akihubiri: ueni wadudu! Kupe ni mdudu, minyoo ni wadudu, homa nayo huletwa na wadudu wasioonekana. Kwake hapakuwa na mdudu mwema. Watoto wa Endabash wakamwita Bwana Wadudu, naye akaitika.

Mwaka 1983 alitoka kozi akiwa amejaa habari mpya hadi kooni. Akaitisha mkutano Endabash, akawaeleza wafugaji kwamba ng'ombe hali majani peke yake. Katika tumbo lake kubwa mna wadudu wasiohesabika, wadogo wasioonekana kwa macho, na pamoja nao ukungu, jamaa ya ule unaoota kwenye kiporo cha ugali. Hao ndio wanaovunjavunja majani makavu yakawa chakula, na chakula kikawa maziwa. Alieleza kwa furaha kubwa. Alichosahau kusema ni kwamba wadudu hawa wasiuawe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Germana, mjane wa Endabash, alisikia la mkuu vizuri kabisa, na guu nusura livunjike. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Sikukuu, na maziwa hayo yalikuwa ya mjukuu wake mchanga, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali. Aliposikia kwamba tumbo la Sikukuu limejaa wadudu, alirudi nyumbani, akafungua kopo alimohifadhi dawa za rangi mbili, zile za hospitali za kuua vijidudu, akazimimina zote kwenye pumba. Sikukuu akala kwa adabu. Kesho yake hakucheua, na maziwa yakakatika. Mama Germana akaja ofisini, mtoto mgongoni akilia njaa, akasema mbele yetu sote: "Bwana Mifugo, wadudu nimewaua wote kama ulivyotufundisha. Sasa mbona na ng'ombe anataka kuwafuata?"

Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Piusi aliinuka kabla ya kuhubiri.

Alijua kinachotakiwa: tumbo lililobaki tupu lipandwe upya kwa wadudu wa ng'ombe mzima. Wazee huchukua cheu mdomoni mwa ng'ombe anayecheua, naye akajaribu hivyo kwa maksai wake mwenyewe. Maksai alimeza cheu, akabaki na kidole gumba cha Piusi mdomoni. Basi akaenda machinjioni kwa Raphaeli, mchinjaji, akakamua maji ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa muda huo huo. Wadudu wale hufa wakipoa, kwa hiyo aliyatia katika chombo pekee Karatu nzima alichojua kinatunza joto: chupa ya chai ya ofisi yetu. Akaifunga chini ya koti, akapanda baiskeli, maana petroli wakati huo ilikuwa hadithi.

Sikukuu alinyweshwa yote. Piusi hakurudi Karatu. Alikaa zizini kwa Mama Germana, akaagiza chupa ya pili, huku mtoto akipewa maziwa ya jirani kwa kuhurumiwa. Hatimaye asubuhi moja Mama Germana alitega sikio ubavuni kushoto, akasikia tumbo likinguruma, na punde Sikukuu akaanza kutafuna taratibu. Piusi hapendi tuliandike hili, ila alilia hadharani, nasi tunampenda zaidi kwa ajili hiyo.

Chupa aliirudisha kimya kimya. Raphaeli alitupasha habari wiki tatu baadaye, arusini, wakati karani wetu alikuwa ameshasifu kwamba chai siku hizi imekolea.

Katika mkutano uliofuata Piusi alikiri kwamba kosa lilikuwa la neno lake, si la masikio ya Mama Germana. Akawabadilishia jina wadudu wa tumboni, akawaita wapishi, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayemuua mpishi wake. Tangu hapo, kutoka Endabash hadi kwa wafugaji wa Oloipiri, Bwana Mifugo akipita huulizwa kama wapishi wake hawajambo.

Tunamshukuru mkewe, Mama Cresensia, aliyefua koti lile bila kuuliza maswali. Nawe Piusi, tungependa kukuaga kwa amani, lakini Mama Germana ametuma ujumbe. Anasema amesikia kwamba unastaafu, ila hayo ni mambo ya serikali, na ng'ombe wake si wa serikali. Anakungoja Jumatatu. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na pumziko jema, hadi Jumapili jioni.