Bi Widad Anastaafu, na Orodha Bado Inasema Tisa

Tarehe 30 Juni, Bi Widad Khudhair, msomaji mkuu wa miswada ya kale katika nyumba yetu ya vitabu hapa Baghdad, anatimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na kustaafu. Uongozi umeniomba niandike katika jarida letu maneno machache, mepesi, ya kufurahisha. Machache nitajitahidi.

Alianza akiwa na miaka ishirini na sita, kwenye meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika, ambalo mpaka leo halifungiki. Wiki ya kwanza tu alimnyang'anya profesa mzima kitabu kwa kosa la kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, kisha akamtuliza kwa biskuti za tende. Mwaka ule wa vita, maktaba za mji zilipochomwa moto na sisi wengine tukajifungia majumbani, yeye alihamisha makasha kumi na moja ya miswada kwa gari la kaka yake la kubebea matikiti, akayaficha kwa shangazi yake mtaani Kadhimiya, na akayarudisha yote. Alipewa cheti. Jina lake lilikosewa.

Nikiishia hapo nitakuwa mnafiki. Kazi yake kubwa kuliko zote ilihusu ukurasa mmoja, na kwa ukurasa huo amedharauliwa miaka sita.

Tunao mkusanyo wa hukumu za makadhi wa mji wa Kufa, wa zama zile mafakihi walipokuwa wakivutana kama baba anaweza kumwoza binti asiyebaleghe. Wengi walisema anaweza. Wengine walisema akiozwa na ami yake, basi siku atakayobaleghe ana hiari ya kuikataa ndoa hiyo. Kadhi mmoja katika mkusanyo wetu aliwapinga wote: mtoto haozwi na yeyote, kwa kuwa hana haja ya ndoa, asubiriwe abaleghe, na dalili zisipoonekana, asubiriwe mpaka umri fulani. Balaa limeanzia kwenye umri huo. Mnakili hakutia nukta, na maandishi ya Kiarabu yasipokuwa na nukta, saba na tisa huandikwa kwa vijino vile vile. Neno linalofuata limefunikwa na kipande cha karatasi ya kukarabatia. Orodha yetu iliyochapishwa ikasoma "tisa".

Bi Widad aliweka taa nyuma ya ukurasa, akaliona neno lililofunikwa: kumi, maana Kiarabu hutaja saba kwanza, kumi baadaye. Mstari wa chini unasema msichana humtangulia mvulana kwa mwaka mmoja, na mvulana ni kumi na nane. Basi ni kumi na saba, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeelewa. Aliandika ripoti ya kurasa nne. Mkurugenzi wetu, Dakta Munthir, alimjibu mbele yetu sote: "Bi Widad, taa si hoja. Orodha ina mhuri."

Mwaka jana shemeji wa Mama Sajjad, yule mjane anayetupikia chai, alitaka kumwoza Rusul, binti wa mama huyo, wa miaka kumi na mitatu, kwa mshirika wake wa biashara. Mama alikataa. Shemeji akamletea nakala ya ukurasa wa orodha yetu, mhuri wetu ukiwa chini yake. Mama Sajjad aliweka sinia mezani kwa Bi Widad.

"Nyie ndo mnaojua kusoma, dada. Imeandikwa au haijaandikwa?"

"Haijaandikwa. Sisi ndo tumesoma vibaya."

"Basi nipe karatasi yenye mhuri. Shemeji yangu hasikii la mdomo."

Bi Widad aliomba barua hiyo mara tatu. Aliambiwa nyumba yetu haiingilii mambo ya familia za watu. Haiingilii! Mhuri wetu ulikuwa umeshaingia nyumbani kwa yule mama na kukaa mkekani. Rusul aliozwa kabla ya Ramadhani. Mama yake bado anatuletea chai, ila hajatuuliza neno tena, na mimi kila asubuhi naiacha chai yangu ipoe.

Naiacha kwa sababu. Mnanifahamu, mimi Hikmat ni mkarabati. Kipande kile cha karatasi nilikibandika mimi, katika mwaka wangu wa kwanza, kwa haraka, bila kusoma kilichokuwa chini yake. Bi Widad alijua, maana kila mkarabati ana mkono wake. Katika kurasa zote nne hakuandika jina langu. Nami Dakta alipomdhihaki, nilitazama viatu vyangu.

Jumatatu nilikibandua kwa maji ya uvuguvugu mbele ya mashahidi watatu. Neno lipo, halihitaji taa. Kwa hiyo, katika orodha, ukurasa wa 212, badala ya "tisa" isomwe "kumi na saba". Jarida hili hugongwa mhuri wa nyumba kabla ya kugawiwa, na hakuna anayesoma wasifu wa mstaafu kabla ya kuugonga.

Bi Widad, ahsante, na uniwie radhi. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na dirisha linalofungika. Nakala ya kwanza ya jarida hili sikukuwekea wewe. Nimempa Mama Sajjad, ikiwa na mhuri, maana anaye binti mwingine, Tabarak, wa miaka kumi na mmoja, na shemeji ameanza kuja tena.