Mama Kanda na Kasha la Ijumaa

Marehemu dada yangu alinitangulia kuzaliwa, na hilo ndilo jambo la kwanza nililomwonea wivu.

Alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Mei 1966, mtoto wa kwanza wa baba yetu, msoma mita za maji, na mama yetu, mpishi wa shule. Mimi nilifuata baada ya miaka miwili na miezi minne. Mama, ambaye mnamwona amekaa hapa mbele, husimulia kwamba dada alinichungulia kitandani akauliza, "Huyu anakaa mpaka lini?" Nimekaa, dada. Ndiye huyu anayekusomea.

Wapo katika ukoo wetu wenye sauti nzuri kuliko yangu, na baba mdogo alishajitolea kusoma. Lakini mwezi wa nne mwaka huu, akiwa wodini, marehemu aliniagiza mwenyewe: "Wasifu wangu uandike wewe, usome wewe. Na usinipambe." Jana jioni baba mdogo aliupitia akaniomba nipunguze aya tatu. Unisamehe baba mdogo, sijapunguza hata moja.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Miaka sita alikuwa wa kwanza darasani. Mwaka mmoja alikuwa wa pili kwa sababu ya surua, na Mama mpaka leo anausimulia mwaka ule kwa majonzi. Mimi sikuwahi kuwa wa pili hata nikiwa mzima. Sare zake, viatu vyake na mkoba wake vyote vilinifikia vikiwa vimechoka, na kila mwalimu aliyesikia sisi ni ndugu alifurahi kwa dakika tano, mpaka aliposahihisha daftari langu la hesabu.

Alipenda kila kitu kijulikane ni cha nani na kinakaa wapi. Penseli yake ilifungwa uzi mwekundu, kikombe chake uzi, hata upande wake wa kitanda tulicholala wawili ulikuwa na uzi kwenye ubao. Siku moja nilizifungua nyuzi zote nikazifunga kwenye vitu vyangu. Nilimngojea alie, au akanisemee kwa Mama. Wapi! Alikaa sakafuni, akafungua nyuzi zake moja moja, akazirudisha, kisha akaniambia, "Ukitaka kitu changu, niombe." Basi roho iliniuma kuliko kama angenizaba kofi.

Mwaka 1983 alimaliza sekondari, na mwaka 1986 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya elektroniki. Darasa zima lilikuwa na wasichana watatu. Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi, kuingiza hati za viwanja kwenye kompyuta. Miaka minne baadaye na mimi niliajiriwa hapo hapo, masjala, ghorofa ya chini yake, kwa barua ya utambulisho aliyoniandikia yeye. Hata kazi ilinifikia kama ile sare.

Kuhusu ndoa, ukweli ni kwamba shemeji nilimwona kwanza mimi. Shemeji, tulia, sisemi kitu kibaya. Mwaka 1991 nilimpelekea kitambaa anishonee gauni. Alinipima vizuri, akacheka na mimi vizuri, nikatoka pale natembea juu juu. Siku ya kujaribu nikamchukua dada anisindikize. Mjinga mimi! Alichokifanya dada ni kumuuliza fundi kwa nini bobini zake hazina alama za rangi, na fundi akasahau kabisa kama mimi nipo. Gauni langu lilichelewa wiki sita. La harusi, tarehe 8 Agosti 1992, alilimaliza kwa siku nne. Walijaliwa watoto wawili, na katika miaka thelathini na kitu ya kukaa kwao sikuwahi kuwasikia wakinyimana maneno. Nililisubiri sana hilo.

Mwaka 2004 ofisi ilileta kabati la kanda, na hapo ndipo marehemu alipopata jina lake la Mama Kanda. Kwa wasiolijua, lilikuwa kabati la chuma lenye urefu wa mtu mzima na mlango wa kioo. Ndani yake kulikuwa na vishimo arobaini, na kila kishimo kilikaa kaseti moja yenye lebo ya mistari mgongoni. Katikati ulipita mkono wa mashine juu ya reli. Mkono ule ulisoma lebo, ukaichomoa kaseti inayotakiwa, ukaipeleka kwenye kimoja cha visoma kanda viwili vilivyokuwa chini, na kazi yote ya kompyuta za ofisi ikanakiliwa humo. Kompyuta zikifa, hati za watu zinarudishwa kutoka kwenye kanda. Kaseti isiyo na lebo mkono uliipita kama haipo. Dada alipoliona mara ya kwanza alicheka kwa sauti. Lilikuwa kabati la nyuzi nyekundu.

Jamani, alilipenda! Hakuna aliyeruhusiwa kufungua mlango mkubwa ovyo, maana ukishaufungua mkono unasimama, na ukiufunga unaanza kuhesabu vishimo vyote upya, robo saa nzima. Kaseti ziliingia na kutoka kwa kidirisha kidogo cha pembeni. Kulikuwa na kanda moja ya kusafishia vile visoma kanda, haiandikwi kitu, na idadi ya matumizi yake aliijua kichwani. Mkono ukikwama kidogo alisema kwenye kioo, "Taratibu mama, hakuna anayekukimbiza." Mimi ndugu yake wa tumbo moja nikikwama aliniambia nisome maelekezo. Shemeji aliwahi kusema angejua atashindana na kabati angejishonea suti ya bati.

Kila Ijumaa saa tisa alasiri alitoa kaseti nne za wiki kwenye kidirisha, akazipanga kwenye kasha gumu la plastiki, na kasha likapelekwa kwenye sefu ya jengo lingine, mitaa miwili kutoka kwetu, ili jengo moja likipata balaa nakala ibaki. Aliyelipeleka tangu mwaka 2006 ni mimi, kwa kuwa masjala tulipeleka barua huko huko. Nilijiona tarishi wa dada yangu. Siku zote alinikabidhi kwa maneno yale yale: "Mdogo wangu, mikono miwili, na usiliweke juani."

Sasa nafika kwenye aya za baba mdogo.

Ijumaa ya tarehe 4 Machi 2011 marehemu alitangazwa mfanyakazi bora wa mwaka. Walimpa cheti, na zawadi ya semina ya siku tatu nje ya mji kuanzia Jumatatu. Mpiga picha alimsimamisha mbele ya kabati, wafanyakazi tukajipanga nyuma. Mimi nilisimama bega kwa bega naye, nimevaa vizuri, nimejipaka mafuta ya waridi kichwani. Mpiga picha akaniambia, "Dada wa masjala, sogea kando kidogo, unamtia kivuli." Watu wakacheka. Na dada akacheka. Nikasogea mpaka nikatoka kwenye picha. Picha hiyo ndiyo iliyo mbele ya ratiba mlizoshika, na ule mkono ulioko pembeni ni wangu.

Dakika kumi baadaye akanikabidhi kasha mbele ya wote. "Mikono miwili." Nilivimba mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasema moyoni, mfanyakazi bora na alibebe mwenyewe. Sikwenda kwenye sefu. Nililipeleka nyumbani nikaliweka dirishani kando ya jiko, jua la mchana usoni, mvuke wa sufuria kisogoni, nikasema Jumatatu nitaamua. Jumatatu dada alikuwa semina. Jumanne nilinuna tu. Jumatano tarehe 9 bomba la juu ya chumba cha mashine lilipasuka asubuhi kabla hatujafika, maji yakashuka juu ya kompyuta na juu ya kabati. Mkono ulikuwa umesimama nusu njia, umeshika kaseti inayochuruzika maji.

Watu walikimbilia kwenye sefu. Kasha la mwisho kule lilikuwa la tarehe 25 Februari. Mimi nilikimbilia nyumbani, nikalichukua lile la dirishani, na wakati watu wanafyonza maji kwa magunia nikalisukuma chini ya meza ya dada. Nililiweka mimi. Sikulisahau, sikupitiwa, nililiweka mahali ambapo likionekana lawama iwe yake. Dada alirudi mchana huo huo na begi lake la semina. Alilikuta, akainama, akalifungua. Kisha akalifunga taratibu.

Kaseti tatu kati ya nne hazikusomeka. Hati mia mbili na kumi na mbili za wiki ile ilibidi ziandikwe upya, na wenye viwanja waliitwa warudi na karatasi zao. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja na magongo yake mara mbili, na mara zote mbili aliyempa pole alikuwa dada. Kamati ilipomuuliza kasha lilifikaje chini ya meza yake, alijibu, "Nililichukua tena kwa mdogo wangu, nikasema nitalipeleka mwenyewe, nikasahau." Mimi nilikuwa hapo, mwandishi wa kikao. Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu, nikaweka na nukta. Tarehe 28 Machi alipewa barua ya onyo. Cheo cha mkuu wa kitengo, ambacho kila mtu alijua ni chake, mwezi wa nne kilikwenda kwa mwingine. Alifanya kazi miaka kumi na moja zaidi pale pale, kwenye kabati jipya, na kila Ijumaa aliendelea kunikabidhi kasha. "Mikono miwili, na usiliweke juani." Kwa sauti ile ile. Kila Ijumaa nilitamani anitukane.

Mwezi wa nane mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaacha kazi. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine, na haikupita muda akaijua kuliko wauguzi wapya. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimkuta akimwelekeza mwenzake ni bomba lipi linatangulia. Hata ugonjwani alinizidi: wagonjwa wote wa chumba kile walimpenda, mimi nikienda kumwona wananiuliza nimemletea nini.

Siku ile ya mwezi wa nne, aliponiagiza huu wasifu, nilimwambia sistahili, na nikaanza kueleza kwa nini. Nilifika kwenye dirisha la jikoni akanikatiza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kasha lilinuka mafuta yako ya waridi. Nilipolifungua tu nilijua."

"Miaka kumi na mitatu! Mbona hukusema?"

"Mimi walinipa barua. Wewe wangekufukuza, na mwanao wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari."

Nililia pale mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Dada alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Si nilikwambia zamani? Ukitaka kitu changu, niombe." Nikamwomba msamaha. Akanitazama kama siku ile ya nyuzi, akasema, "Umechelewa sana, lakini chukua." Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya machozi nilimwonea wivu kwamba aliweza kutoa kitu kama hicho bila hata kuinua kichwa kwenye mto. Nimekitafuta ndani yangu, sijakiona.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia. Wa kushoto nilikuwa nao mimi.

Ameacha mume, fundi wetu; mama mzazi; watoto wawili, muuguzi na fundi umeme; wajukuu watatu; na mdogo wake mmoja. Mama, hili hukulijua, nami nimekupa siku mbaya ya kulijua. Nitakuja kukaa nawe nyumbani, unigombeze kwa nafasi.

Mheshimiwa mkurugenzi, nakuona safu ya pili na wenzangu wa ofisini. Barua ya onyo ya tarehe 28 Machi 2011 ina lebo isiyo yake. Naomba itolewe kwenye faili la dada yangu, iwekwe kwenye langu. Nimebakiza miaka minne kustaafu. Mkiona isifike minne, Jumatatu saa mbili nitakuwa mezani kwangu, nawasubiri.

Dada yangu na apumzike, kazi yake ilikuwa safi. Pumziko hilo peke yake simwonei wivu, kwa sasa.