Fundi Soli Alivyovuka Barabara na Hofu Yake

Marehemu mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Soli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne na wa kwanza wa kiume. Alitanguliza miguu, na mkunga akasema, "Huyu atakuwa mtembezi."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, pekupeku, wala hakuona haya. Kiatu cha mwalimu wake kilipoachama mdomo, alikishona kwa uzi wa gunia.

Mwaka 1974 alifungua kibanda chake cha ushonaji viatu ng'ambo ya barabara kuu, mkabala na lango la nyumbani. Huko ndiko wifi yetu alikopeleka kiatu kilichong'oka kisigino. Kila akikifuata, aliambiwa gundi haijakauka. Siku moja akamuuliza, "Gundi gani hii? Au unanikausha mimi?" Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Juni 2019 alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala. Alirudi kutoka hospitali akiwa na fimbo, na hofu ambayo hakumwambia mtu. Ndani ya nyumba alitembea kwa kushika ukuta. Uani alifika. Langoni alisimama, akatazama malori yanavyopita, jasho likamtoka na jua halijachomoza sawasawa. Mara alisema kuna tope, mara upepo, mara kibanda kipigwe rangi kwanza. Wifi alijua ni hofu.

"Mguu huu si wangu," alimwambia. "Nimeuazima, na mwenyewe anaudai."

"Basi leo mrudishie. Kesho tutauazima tena."

Kwa kuogopa kuteleza, alijitengenezea viatu vyenye soli ya tairi, nzito, yenye meno. Fundi wa watu wote, kwake mwenyewe akakosea. Siku aliyojaribu kuvuka, katikati ya barabara ncha ya kiatu cha kushoto iling'ata lami, akaanguka kifudifudi. Lori lilisimama karibu naye hata akasikia joto la injini usoni. "Mzee, unataka kunipa kesi?" dereva alipiga kelele. Jirani mmoja akamwinua akisema, "Mwenda pole hajikwai, Fundi." Akajibu, "Aliyesema hivyo hakupata kiharusi."

Watu walicheka. Yeye alirudi ndani, na msimu mzima wa mvua wa mwaka ule hakugusa komeo la lango. Usingizini alishtuka akisema, "Linakuja!"

Binti wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali alipokuja nyumbani aliomba kuona viatu. Akakipima kile cha kushoto mkononi. "Fundi, mguu mgonjwa umeufunga nanga?" Fundi akaomba kisu chake. Alibandua ile tairi, akaweka soli nyepesi, na kwenye ncha akashona kipande cha ngozi laini ili mguu ukiburuta uteleze, usikwame.

Wifi alikuwa akivuka kwanza, anamngojea upande wa pili bila kumpa mkono. "Njoo, Mzee. Usiyatazame magari yaliyokwishapita, nitazame mimi." Alikuja, midomo ikimcheza. Baadaye alivuka peke yake, kila siku ya kazi, kwa miaka kama mitatu. Mlimwona mkasema amepona, haogopi. Nawaambieni hofu haikumtoka hata siku moja. Alivuka nayo.

Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2023 alivuka, akageuka, akampungia mkewe fimbo. Kiharusi cha pili kilimkuta kwenye kigoda chake, kiatu cha mteja mapajani. Wifi aliponiletea habari, nilimuuliza jambo moja tu: alikuwa barabarani? Akasema, "Hapana, dada. Alikuwa amefika."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na sisi dada zake watatu, ambao kwa haki tulipaswa kutangulia. Safari hii tumembeba sisi. Mdogo wetu apumzike kwa amani, wala asiogope tena.