Wimbo wa Makaburini Umefika Angani

Jumatatu asubuhi benchi la nje ya posta lilijaa mapema, maana kisiwa kizima kilikuwa hakijapoa. Jana yake, kwenye tamthilia ya runinga ya vyombo vya angani, rubani alikufa, wenzake wakauachia mwili wake uelee kati ya nyota, na zumari la mfuko likamsindikiza kwa wimbo wa kisiwa hikihiki, ule unaopigwa makaburini tu. Mzee Murdo, mpiga zumari pekee aliyebaki kijijini, alikuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa. Mjukuu wake Effie anaolewa Jumamosi, na tangu jana anataka apigiwe wimbo huohuo mlangoni mwa kanisa. Murdo alimkatalia. Binti alilala analia.

— Jamani, walivyoupiga! alisema Nahodha. Jina tu hilo; kazi yake ilikuwa kupika supu kwenye kivuko. — Nywele zilinisimama!

— Hawakukosea hata mahali pamoja, alisema Profesa, mkata manyoya ya kondoo. — Ila wameutoa wapi?

— Hukohuko angani! Sauti haifi, bwana. Tulimzika babu yako nao, ukapanda, ukapanda, wakaunasa.

— Nani kaunasa?

— Si hao wa huko!

— Thubutu! Mimi nasema ulitoka kwao, sisi tuliazima tu. Binadamu gani angetunga kitu kizuri vile, kwa mvua hii?

Murdo akacheka bila kupenda. Fahari ilimjaa kifuani, na hapohapo ikamuuma.

— Lakini harusini, hapana, alisema Nahodha. — Utamchuria binti wa watu.

— Ndivyo nilivyomwambia, alisema Murdo.

Effie akatoka posta, macho bado mekundu, akasimama mbele yao.

— Babu, swali moja tu. Hapa wanawake hatuendi makaburini, sivyo?

— Ndivyo, mjukuu wangu.

— Mimi wimbo wenu nimeusikia jana kwa mara ya kwanza, kwenye runinga. Marehemu Bibi Peigi uliishi naye miaka arobaini na sita. Yeye aliusikia lini?

Nahodha akainua chupa ya kahawa, akaitikisa, kumbe tupu.

— Alikuwa akiniomba, alisema Murdo. — Kila mara akiniomba. Nikamwambia ni wa wafu. Nimekuja kumpigia yumo ndani ya jeneza.

Akaweka kikombe chini, akamgeukia Effie.

— Jumamosi ni saa ngapi?

— Saa tano, Babu.

— Waambie wanawake wote waje.