Mzee Kassimu, Aliyeshuku Kila Jiwe la Njia ya Kabambare

Tarehe 31 Machi 1959, kengele ya jioni itakapolia, Mzee Kassimu Ramazani atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya kazi katika kampuni yetu ya uchukuzi hapa Kasongo. Aliingia mwaka wa 1928 akiwa mwosha kamio, yaani malori, akawa msaidizi wa fundi, na tangu 1940 ndiye fundi rangi wetu mkuu. Katika miaka hiyo yote hakuchelewa hata siku moja. Aliishuku saa ya garaji, akawa anafika mapema kabla haijapata nafasi ya kumdanganya.

Mwandishi wa maneno haya ni karani wa depo, na meza yake inatazamana na mlango wa stoo ya rangi. Kwa hiyo anayoyaandika ameyaona. Imembidi kuyaandika kwa siri, karatasi ikiwa chini ya hati za mizigo, kwa sababu tangu Jumatatu Mzee Kassimu anapita mbele ya meza hii mara nyingi kuliko kazi inavyodai.

Wanaomjua wanajua kwamba ukimwuliza habari, naye atakuuliza, "Habari ya nini? Umesikia nini?" Kabla ya kuketi huinua kiti akatazama chini yake. Kila jioni hufunga uzi mwembamba kwenye mlango wa stoo, na kila asubuhi huutazama kabla ya kutoa ufunguo. Uzi huo umekatika mara moja tu katika miaka kumi na tisa. Ilikuwa kazi ya panya, naye panya alitafutwa kwa wiki mbili. Mwaka wa 1953 alipopewa medali ya miaka ishirini na mitano, alishukuru kwa adabu, akarudi mahali pake, akaikwaruza nyuma kwa ukucha ili ajue chini yake kuna nini. Hakutuambia aliona nini.

Lakini tuseme kweli, kazi ya rangi inamtaka mtu wa namna hiyo. Mwenye kuamini haraka hupaka rangi juu ya kutu. Mzee Kassimu alitufundisha kuosha hasa pale panapoonekana safi, na kugonga kwa kidole pale panapong'aa. Kamio namba saba aliipaka mwaka wa 1946. Injini yake imebadilishwa mara mbili tangu hapo, na rangi ni ileile.

Mwaka wa 1951 mkuu wa depo wa wakati ule, Bwana Hendrickx, alijiletea kutoka Ulaya gari la mbio. Lilivuka Lualaba kwa kivuko, limefunikwa turubai kama maiti wa heshima, na lilipofunuliwa watu wote wa garaji waliacha kazi. Lilikuwa dogo, jekundu, halina paa, lina viti viwili, na tumbo lake lilikaribia kugusa ardhi. Siku hiyohiyo likaitwa Pilipili. Mzee Kassimu alilizunguka mara tatu, mikono nyuma, akasema, "Hii haikutengenezwa kwa njia yetu. Nani alimudanganya Bwana?"

Kila mtu anaijua njia ya kwenda Kabambare. Ni udongo mwekundu na kokoto, na mashimo hujazwa mawe meupe yaliyopasuliwa kwa nyundo. Bwana alikwenda huko kila wiki kukagua maghala, na kila wiki Pilipili lilirudi na vidonda vipya, vidogo kama punje za mtama, mahali ambapo jiwe limebandua rangi hadi kwenye chuma. Mzee Kassimu alipewa amri moja: rangi isipate kidonda tena.

Alianza kwa mkeka wa ukindu, akaufunga mbele ya gari. Injini ilikosa hewa, ikachemka kabla ya kilometa ya kumi. Akapaka mafuta ya mawese. Vumbi lilinata hadi gari likawa na rangi ya kichuguu, na alipolipangusa, lile vumbi lilisugua rangi kuliko mawe yenyewe. Alimshuku aliyemwuzia mawese kwamba alichanganya kitu.

Dawa aliiona shingoni mwa mwandishi huyu. Marehemu Régina, mke wangu, alikuwa akinyoosha mashati yangu kwa wanga wa muhogo, na kola zake zilisimama wima hata wakati wa masika. Asubuhi moja Mzee Kassimu aliigonga kola yangu kwa ukucha, ikalia kama ubao. Aliniuliza mke wangu ametia gundi gani, na kwa nini. Jioni alikwenda kumwuliza mwenyewe. Régina alimwonyesha bila kumficha: unakuna muhogo, unakamua, unaacha maji yatulie, ule weupe unaobaki chini unaupika polepole hadi uwe kama macho ya samaki, kisha unatia kipande kidogo cha mshumaa ili uteleze. Mzee alimtaka aanze tena tangu mwanzo, aone kama atasema vilevile. Akasema vilevile.

Tangu hapo pua ya Pilipili ilivishwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa katika wanga huo. Kilikauka kikawa ngozi ya pili, na safari ikiisha kilibanduliwa kwa maji ya moto, rangi ikabaki chini yake kama ilivyotoka Ulaya. Safari ya kwanza ilifaulu hadi sokoni Kabambare. Bwana alipokuwa akila, mbuzi wa Zuberi, mwuza chumvi, waliligundua gari, wakalilamba mbele yote, na kitambaa wakakitafuna. Hadi leo Mzee Kassimu anaamini kwamba Zuberi aliwatuma. Safari iliyofuata alisaga vidonge vya kwinini, akavitia katika wanga. Mbuzi mmoja alilamba mara moja, akatazama mbali kama mtu aliyesingiziwa, na hakuna aliyerudi.

Hapo ndipo inapoanza habari ambayo mwandishi hawezi kuiruka, ingawa Mzee Kassimu angependa airuke.

Pua ya gari ilipona, lakini vidonda viliendelea ubavuni, upande wa kushoto na wa kulia, na vilizidi baada ya kilometa ya thelathini na nane. Hapo kazi ya njia ilikuwa mikononi mwa Gaston, kapita, yaani msimamizi, wa wapasua mawe, na Gaston ni kaka yake Régina, shemeji yangu. Watu wake walisimama kando ya njia na marundo ya kokoto miguuni wakati Bwana akipita kwa kasi na kuwaachia vumbi. Bwana alimwuliza Mzee Kassimu maoni yake. Mzee akajibu alivyozoea kujibu, "Jiwe haina mukono, Bwana. Mutu ndiye iko na mukono."

Alisema hivyo Jumatatu. Jumanne Gaston alikuwa kifungoni Kasongo kwa neno la Bwana, na ilitangazwa kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi atachapwa fimbo mbele ya watu wake, kwa kuwatupia wakubwa mawe au kwa kuwaacha wanaotupa. Gaston alisema hajui lolote. Watu wake nao walisema hawajui, na jinsi walivyosema kwa sauti moja ndivyo walivyozidi kushukiwa. Garajini nako watu walianza kutazamana. Aliyewahi kununua nyama kwa Gaston alikana kwamba aliinunua. Mimi mwenyewe niliona mazungumzo yanakatika nikiingia, na nilianza kufunga mtoto wa meza yangu kwa ufunguo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nianze kazi.

Jumatano Régina alikuja garajini na mashati ya makarani kichwani. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliyashusha mashati, akasema, "Mzee, unashuku kila mutu hapa Kasongo. Wewe mwenyewe ulishajishuku siku gani?"

Mzee Kassimu alikuwa ameshika brashi. Aliiweka chini. Halafu akamwuliza kama anaweza kumpikia sufuria nzima ya wanga kabla ya kesho, mzito, na ndani yake chokaa nyeupe.

Kwa Bwana alikwenda na maneno mengine. Alimwambia kwamba anataka kumkamata mtupa mawe kwa alama zake. Bwana alipenda sana maneno hayo. Alhamisi Pilipili lilitoka Kasongo likiwa jeupe kutoka taa hadi nyuma, na watoto wa njiani walikimbia. Mzee Kassimu aliketi kiti cha pili, akishikilia kofia. Watu wa Gaston walikuwa wameamriwa kukaa majumbani, na kilometa ya thelathini na nane haikuwa na mtu hata mmoja. Bwana aliendesha kama alivyoendesha siku zote. Walilala Kabambare, wakarudi Ijumaa alasiri.

Ule weupe ulikuwa umeandikwa mistari myekundu. Mzee Kassimu alichukua njiti ya ufagio, akaifuata mistari mmoja mmoja mbele ya Bwana na mbele yetu sote. Jiwe la kutupwa, alisema, linatoka juu au pembeni, nalo hugonga likaanguka. Mistari hii yote ilianza chini, nyuma tu ya gurudumu la mbele, ikapanda kwenda juu na nyuma, kama manyoya ya bawa. Kisha akatuomba sote tusimame ukutani, mikono kifuani, tusitingishike hata kukiwa na nzi. Akapaka upya kipande cha ubavu, akakikausha kwa jiko la mkaa. Akamwomba Bwana alizungushe gari kwenye uwanja wa kokoto, kwanza polepole. Hakukuwa na mstari. Kisha kwa kasi ya njia ya Kabambare. Mistari ikatokea palepale, mitano, na mikono yetu yote ilikuwa vifuani.

"Nilisema jiwe haina mukono," akasema Mzee Kassimu. "Nilikosa. Mukono yake ni hii." Akagusa gurudumu. Hakusema gurudumu hilo liliendeshwa na nani. Alisema tu kwamba gari linajipiga lenyewe, na kwamba yeye Kassimu ndiye aliyemsingizia mtu, na kama kuna fimbo za Jumamosi, basi zinajua pa kwenda.

Bwana Hendrickx aliupitisha mkono juu ya ile mistari, vidole vikawa vyeupe. Mwishowe aliuliza itafanywaje. Mzee Kassimu tayari alikuwa amekata vipande viwili vya mpira kutoka tairi kuukuu, vya kuning'inia nyuma ya magurudumu ya mbele. Bwana aliandika karatasi mbili mezani pangu, kwa kalamu yangu. Ya kwanza iliruhusu vipande vya mpira. Ya pili ilimfungulia Gaston. Aliziandika kwa mpangilio huo.

Jumamosi saa moja na nusu Gaston alitoka. Régina alimngoja mlangoni na shati lililonyooshwa.

Pilipili halikupata tena kidonda cha kuhesabika, na lilipouzwa mwaka wa 1954 mnunuzi aliuliza kama liliwahi kutembea. Leo kamio zetu zote zina mpira nyuma ya magurudumu, na madereva wote hungoja vumbi la gari la mbele litulie kabla ya kulifuata. Hayo yote ni kazi ya Mzee Kassimu, na yanatosha kwa wasifu wa mtu.

Lakini liko dogo moja. Mpira ulibaki kidogo kutoka tairi ile, naye akautengenezea ndara, akapanda baiskeli hadi kilometa ya thelathini na nane kumpelekea Gaston. Gaston hakuitikia salamu. Alizipokea zile ndara, akazigeuza, akazikung'uta moja moja, akaingiza kijiti hadi kwenye vidole, kisha ndipo akavaa. Mzee Kassimu aliporudi alinisimulia jambo hilo kwa heshima kubwa. Alisema hajawahi kuona mtu akikagua kiatu vizuri namna ile. Mwaka mzima ulipita kabla hawajala sahani moja, na sahani yenyewe ilikuwa ya Régina, aliyewaketisha pamoja na kukataa kuondoka hadi wote wawili waonje.

Régina alituacha mwezi wa Novemba mwaka juzi. Siku ya mazishi mvua ilinyesha, na kola zetu zote zililala. Ya Mzee Kassimu peke yake ilisimama. Alikuwa amepika wanga mwenyewe, tangu muhogo mbichi, na mafundisho hakuyasahau. Mwandishi hakumshukuru siku ile. Anamshukuru leo.

Jumatano tarehe 1 Aprili Mzee Kassimu atapanda kamio namba saba kurudi kwao Kabambare. Madereva wametuletea habari kwamba tangu wiki iliyopita Gaston na watu wake wanafagia njia kwenye kilometa ya thelathini na nane, hadi kokoto ndogo, kazi ambayo haikuagizwa na mtu. Tulimwambia Mzee. Akainua kichwa, akauliza, "Anafagia? Iko nini anaficha?" Kisha akaingia stoo ya rangi, akakaa humo muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni dawa ya kuyeyushia rangi.

Mzee Kassimu, asante kwa kazi yako, na kwa ile Ijumaa. Wenzako wa garaji, wa depo na wa njia tunakuombea uzee wenye shibe na usingizi, nyumba isiyovuja, na majirani wasio na mbuzi. Ukifika kwa Gaston, shuka, mpe mkono. Amesema atakungoja barabarani, amevaa zile ndara.