Historia ya Nsajigwa Mwaikenda, Aliyepika Mwenyewe Nyumbani Kwake

Ndugu wa ukoo, wakwe, majirani wa Kisondela na wa Ibighi, watumishi wa Mungu, na ninyi wa kule nyuma mliokuja kusikiliza zaidi kuliko kulia, ukoo unawashukuru kwa kufika, nanyi mkae vizuri, kwa sababu historia ya mdogo wetu itasomwa yote, pamoja na lile neno linalozungushwa migombani tangu juzi, kwamba mjane wake, Debora, anakijua kilichomuua.

Marehemu Nsajigwa Mwaikenda alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Kisondela, mtoto wa nne na wa mwisho, akabebwa mgongoni na dada yake, Bibi Tulia, aliyekuwa na miaka saba, jambo ambalo Bibi Tulia anapenda likumbukwe. Alisoma shule ya misheni tangu 1946 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1950, akitoka huko anajua kusoma, kuandika, na kuikwepa kwaya.

Mwaka 1952 alianza kuchuma chai, mgongo ukakataa kikapu, ndipo mwaka 1958 akapelekwa jikoni kwa meneja wa shamba, akawapikia mabwana wa kila namna kwa karibu miaka thelathini bila kukipenda chakula chao hata kimoja, mpaka mwaka 1987, nchi ilipofungua milango, mitumba ikaingia na wataalamu wakaingia, akaja fundi wa mitambo ya chai kutoka Hispania pamoja na mkewe, Mama Karmeni, mwanamke ambaye hakukaa sebuleni kupiga kengele, bali aliingia jikoni, akakunja mikono, akamfundisha marehemu kupika vya kwao kwa nyanya za bustanini, vitunguu saumu, samaki wa ziwani na mafuta ya zeituni, yale yale tunayoyasoma kwenye Biblia.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Debora tarehe 15 Desemba 1962, ng'ombe wakatoka wote bila ubishi, wakajaliwa watoto watatu, Asifiwe mwaka 1963, Lusungu mwaka 1967 na Fred mwaka 1971, wote wako hapa, na katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona marehemu akishika mwiko nyumbani kwake, maana aliishi huko shambani, na alipokuja mwisho wa mwezi alikaa barazani kama wanaume wenzake, akingoja mbalaga yake, ndizi za kupikwa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo maneno yalipozaliwa. Tarehe 30 Juni 1993 shamba lilipunguza wafanyakazi, marehemu akarudi nyumbani moja kwa moja akiwa na karai pana, mbegu kwenye karatasi na chupa mbili za mafuta, na kesho yake asubuhi, mchana kweupe, akaketi kwenye kigoda cha mkewe na kuanza kumenya viazi. Bibi Tulia aliyaona hayo kwa macho yake mawili kupitia upenyo wa ua, akashuka kisimani bila ndoo, akawaambia wenzake, "Mwanamume hamenyi viazi kwa akili yake, huyu kalishwa kitu," nao wakamjibu, "Limbwata hilo, bibi, tena la ng'ambo."

Tangu siku hiyo Bibi Tulia hakukosa kupita pale saa za chakula, si kwa njaa bali kwa uchunguzi, akaona wali wa Kyela uliopakwa manjano, umepikwa ndani ya karai pamoja na samaki mbasa, hoho na maharage mabichi, watu wakila humo humo, akaona viazi vimefunikwa kwa mayai vikawa duara kama mto wa kulalia, na akaona lililo baya kuliko yote, supu ya nyanya mbichi na matango, iliyotwangwa kinuni, haijaonja moto, inanywewa baridi, katika Tukuyu hii yetu ambayo mwezi wa saba hata mbuzi anatafuta jiko. Mtu mwenye akili zake anywe supu ya baridi kwenye ukungu? Marehemu akacheka, akamwambia, "Dada, onja, uchawi utaukuta chini ya sahani," naye Debora akasema, "Karibu wifi, siku hizi hata mimi ni mgeni hapa jikoni," neno ambalo Bibi Tulia aliliweka moyoni, maana mwenye hatia ndiye mwenye utani mwingi. Alikula sahani tatu, tumbo halikumuuma, na hilo likamthibitishia kwamba dawa ilitegwa kwa jina la mtu mmoja tu.

Marehemu akaanza kupungua, kola ya shati ikawa pana kuliko shingo, na kila kilo iliyotoka kwake Bibi Tulia aliihesabu na kuipeleka kisimani, kutoka kisimani ikafika Masukulu, kutoka Masukulu ikarudi ikiwa imenenepa. Tarehe 21 Julai mwaka huu alianguka bustanini, akalazwa hospitalini hapa Tukuyu, na Jumamosi tarehe 3 Agosti 1996, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka.

Ijulikane kwamba historia hii imeandikwa mara mbili. Ya kwanza iliandikwa jana asubuhi, na Bibi Tulia ndiye aliyeshikilia kwamba kila tarehe iwekwe, akijua sana anachokitafuta, kwamba mkisikia marehemu alianza kula jikoni kwa Debora mwezi wa saba 1993, kisha msikie ugonjwa ulianza baadaye, mtajumlisha wenyewe. Ikabaki nafasi moja tupu, tarehe ya kuanza kuugua. Aliulizwa Debora, akainamisha kichwa, akasema aliapa kutosema, na hapo wengi walitazamana, Bibi Tulia akasema, "Mnaona?" Ndipo Asifiwe, binti mkubwa, akalifungua sanduku la baba yake, akatoa cheti cha kliniki, ambamo imeandikwa kwamba marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari tarehe 9 Februari 1993, miezi minne na zaidi kabla hajakanyaga jiko la mkewe, na ndani yake imo karatasi ya Mama Karmeni, yenye orodha ya vyakula vya kumfaa, mboga, samaki, mafuta kidogo, sukari hapana.

Bibi Tulia alikitazama cheti mbele na nyuma, akakinusa wino, akasema hata mhuri huchongwa, akakipeleka kwa mganga wa zahanati akitembea kwa miguu yake, na mganga alipomwonyesha jina lile lile katika daftari la wagonjwa, akarudi kimya, watu wa njiani wakadhani anaumwa.

Basi Debora akasema. Kwamba mumewe alimwapisha kwa maneno haya, "Wakijua naumwa, watakutafuta wewe kabla ya kutafuta dawa," kwa kuwa alikumbuka kaka yetu Ambindwile alipofariki mwaka 1979, mkewe akafukuzwa hapa na mtoto mgongoni, kwa neno ambalo hakuna aliyelithibitisha mpaka leo. Aliyelianzisha neno lile anajulikana, amekaa mstari wa mbele, na ndiye huyo huyo aliyelianzisha hili.

Kwa hiyo ukoo unatamka mbele ya jeneza hili kwamba Nsajigwa ameuawa na kisukari, kwamba chakula kile kilimshikilia miaka mitatu, na kwamba kile kikao kilichopangwa leo jioni kumjadili mjane hakipo, waliokuja kwa ajili ya kikao hicho wale chakula cha msiba wakarudi kwao, Debora anabaki katika nyumba yake na shamba lake, na mwenye neno jingine aje alisemee hapa, Bibi Tulia atamsikiliza kwa karibu sana, maana anazijua njia zote ambazo neno hupita.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa shamba la chai, wanakwaya aliowakwepa wakamwimbia hata hivyo, na majirani waliochota maji na kukata kuni, ndaga fijo, asanteni sana.

Nsajigwa, mdogo wetu, nenda ukapumzike kwa amani, mkeo hataguswa na mtu.